Risala ya Kamati ya Ushauri wa Jamii: Utafiti wa Tiba ya Kuponya VVU

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, watafiti wetu, ndugu zetu nyote,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha. Kufika kwako kumetupa faraja kubwa sisi tunaoishi na VVU.

Kamati hii iliundwa ili wanaotoa damu wawe na sauti mbele ya wanaoichunguza. Mafanikio yetu ni makubwa mno: fomu za ridhaa sasa zinasomeka kwa Kiswahili chepesi, na ule uvumi kwamba damu inauzwa tumeufuta kabisa.

Mheshimiwa, virusi hivi vilitambuliwa mwaka 1983, na tangu 1996 mseto wa dawa umetuweka hai. Tunashukuru. Lakini dawa haziving'oi virusi vilivyojificha ndani ya seli za CD4, yaani chembe za kinga ya mwili, zilizolala. Ukiacha dawa, kwa wengi wetu virusi hurudi ndani ya wiki chache. Timothy Ray Brown, aliyeishi na VVU na kupandikizwa uboho Berlin mwaka 2007 kwa sababu ya saratani ya damu, alithibitisha kuwa kupona kunawezekana. Upandikizaji ule ni wa hatari, hauwafai mamilioni. Kwa hiyo utafiti uendelee, na uendelee kwa damu zetu pia, maana wanawake, ambao ni zaidi ya nusu ya wanaoishi na VVU duniani, wameshirikishwa kidogo mno.

Hapo ndipo lilipo ombi letu, nalo ni moja: naitrojeni ya kimiminika, ile yenye baridi kali mno. Seli zinazotafutwa virusi vilivyojificha hutenganishwa mapema, hugandishwa na kuhifadhiwa humo. Mtungi tunao. Naitrojeni inapochelewa, seli zinaharibika, na mama aliyekubali kutolewa damu nyingi anaombwa arudi atolewe tena. Kumweleza ni kazi yetu wanakamati, na ni kazi ya kutia uchungu.

Ombi hili lilisomwa mwaka juzi, likasomwa na mwaka jana. Wageni rasmi walilipokea kwa moyo mkunjufu, wakaahidi, nasi tukapiga makofi. Hatulaumu, tunajua majukumu ni mengi. Ila safari hii, Mheshimiwa, kwa unyenyekevu mkubwa tunaomba utupe tarehe. Kabla hujaondoka, ututajie mbele ya hadhara hii mkataba wa kuleta naitrojeni utasainiwa lini, na siku hiyo ikipita, katibu wetu amfuate afisa gani.

Tunaomba kuwasilisha.