Karavani Pwani huliwa na chumvi, si na safari

Mhariri,

Mume na mke waliostaafu wakitaka kuzunguka Pwani ya Kenya na karavani yao, yaani trela ya kulala na kupikia inayovutwa na gari, kuanzia Lunga Lunga hadi Malindi, umbali usiwatishe. Mombasa hadi Malindi ni kama kilomita 120 tu. Kinachowakwamisha wazee wetu ni chumvi na upangaji wa mizigo, na kwa kuwa kazi yetu ni kutengeneza matrela, naomba nafasi nieleze.

Karavani ikilala karibu na ufuo, upepo huipaka chumvi usiku kucha hata kama magurudumu hayakugusa maji. Umande wa alfajiri huiyeyusha ile chumvi na kuiingiza kwenye maungio ya chesisi, springi, waya za breki na plagi ya taa. Fungua plagi hiyo baada ya muda, utakuta vijino vya shaba vimeota ukijani. Hapo ndipo taa za breki huwaka na kuzima zinavyotaka, na dereva aliye nyuma hajui kwamba unasimama. Osha trela upande wa chini kila baada ya siku mbili au tatu, kausha plagi kwa kitambaa, kisha ipake grisi kidogo.

Lakini angalia ni maji gani unayooshea. Visima vingi vilivyo karibu na bahari vina maji ya chumvi, na kuoshea trela maji hayo ni kuipaka chumvi upya. Yakiingia kwenye tangi, huiharibu hata pampu ya sinki. Yaonje kwanza, kama ulimi unakataa, tafuta ya mfereji au ya boza. Na usiirudishe trela kinyumenyume hadi majini, kama mtu anayeshusha boti. Beringi ya gurudumu iliyopata moto barabarani ikizamishwa ghafla hufyonza maji kupitia sili, grisi inageuka nyeupe kama maziwa, na baada ya hapo chuma kinatafunika.

Kuhusu mizigo, pua ya trela, ile ncha ya mbele inayoshikana na gari, iilalie hooku ya gari kwa asilimia 5 hadi 7 ya uzito wote. Trela ya kilo 1,000 ni kilo 50 hadi 70. Chukua mizani ya kupimia watu, simamisha kipande cha mbao juu yake, laza pua hapo trela ikiwa imenyooka, usome. Betri, zana na vyakula vya kopo vikae sakafuni juu ya ekseli. Tangi la maji la lita 100 likijaa ni kilo 100 nzima. Likiwa nyuma, pua inapaa, na lori likikupita kwa kasi trela inaanza kuyumba mkia. Ikiyumba, toa mguu kwenye mafuta, shika usukani ukiwa umenyooka, ngoja itulie. Anayekanyaga breki kwa ghafla, au anayeongeza mwendo akidhani ataivuta inyooke, ndiye anayepinduka.

Magurudumu yakifunguliwa na kurudishwa, kaza nati tena baada ya kilomita 50. Ukitoka Mombasa kwenda kaskazini, fanya hivyo kabla ya daraja la Kilifi. Papo hapo sogeza mgongo wa mkono karibu na kila habu, yaani kitovu cha gurudumu: upande mmoja ukiwa moto kuliko mwenzake, beringi inakufa au breki imeshika. Tairi nazo zisome tarakimu nne za ubavuni. 2319 maana yake ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya trela huzeeka kwa jua ikiwa imesimama, hata meno yangali mapya.

Kwa wanaoelekea kusini, maji yakipwa sana siku za bamvua, mteremko wa feri ya Likoni huwa mkali na mkia wa karavani hukwaruza. Vuka maji yakiwa yamejaa, au pita barabara ya Dongo Kundu.

Mkifika, msiegeshe chini ya mnazi, wala chini ya mstari wa mwani mkavu ufuoni, maana hapo ndipo maji yalipofika. Tundu la hewa la sakafuni lisizibwe kwa zulia: gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hujikusanya chini.

Ombi langu ni kwa serikali za kaunti za Mombasa, Kwale na Kilifi. Tengeni walau sehemu moja moja kando ya barabara kuu yenye mfereji wa maji matamu na shimo la kumwagia tangi la choo. Dawa ya choo cha karavani ikimwagwa kwenye shimo la maji taka la nyumba ya wageni huua bakteria wanaoozesha uchafu, na mwenye nyumba ndiye anayebaki na shimo linalofurika.

Fundi wa trela,
Changamwe, Mombasa