Plasta isiwe mwisho wa matibabu ya bibi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na matabibu wenzangu wa zahanati na vituo vya afya hapa Mwanza. Bibi akiteleza uani kwake Bugarika, kifundo cha mkono kikavunjika, tunamfunga plasta, tunamwandikia panado, basi. Mwenyewe analaumu mawe, nasi tunaitikia. Lakini mfupa imara kwa kawaida hauvunjiki kwa mtu kuanguka tu kutoka aliposimama.

Ukigusia udhaifu wa mifupa, utajibiwa kwamba mashine ya kuipima hatuna. Sawa, ila tangu 2008 kipo kikokotoo cha FRAX, kilichotengenezwa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, na madaktari wa familia wa huko wanakitumia. Unajaza umri, jinsia, uzito na urefu, kisha unauliza: amewahi kuvunjika ukubwani? Mzazi wake alivunjika nyonga? Anavuta sigara? Pombe je? Ana baridi yabisi? Kinakupa asilimia ya uwezekano wa kuvunjika ndani ya miaka 10, hata bila mashine.

Swali la prednisolone, dawa ya steroidi inayodhoofisha mifupa ikitumika muda mrefu, lisirukwe kabisa. Miligramu 5 kwa siku kwa miezi mitatu zinatosha kuhesabiwa, na wapo wanaojinunulia dukani bila cheti kutuliza viungo. Ukimuuliza jina la dawa atakwambia "vile vidogo vyeupe". Mwambie aje na pakiti yake.

Kikokotoo hicho si msahafu. Hesabu zake hufuata takwimu za kila nchi, kwa hiyo kiwango cha Marekani cha kuanzisha dawa ya mifupa, asilimia 20 kwa mifupa mikuu kwa jumla au asilimia 3 kwa nyonga peke yake, tusikibebe kilivyo. Tena hakiulizi kuhusu kuanguka: bibi anayeanguka kila mwezi na asiyeanguka kabisa wanaweza kupata asilimia ileile. Kwa vilima vyetu vya mawe, hilo ni pengo kubwa. Na aliyekwisha kuvunjika nyonga au pingili ya mgongo kwa kuanguka kidogo hana haja ya kusubiri asilimia. Apewe rufaa aanzishiwe dawa. Akiandikiwa alendronate, kidonge cha kuimarisha mifupa kinachomezwa mara moja kwa wiki, aelezwe vizuri: asubuhi kabla ya kula, glasi nzima ya maji, kisha asilale kwa nusu saa, la sivyo itamchoma koo.

Naiomba idara ya afya ya halmashauri ichape maswali haya kwenye karatasi moja, ibandikwe ukutani katika kila chumba cha plasta.

Tabibu,
Nyamagana, Mwanza