Mifano ya moyo ya 3D ianze kutumika Mbeya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nichangie habari mliyoichapa kuhusu matumizi ya printa za 3D, yaani zinazotengeneza vitu vyenye umbo kamili, katika tiba ya moyo na mishipa ya damu. Habari hiyo iliacha picha kwamba hayo ni mambo ya nchi tajiri. Sikubaliani nayo. Picha za siti skani, yaani za ndani ya mwili, za mgonjwa huingizwa kwenye kompyuta, moyo hutenganishwa na viungo vinavyouzunguka, kisha printa hujenga mfano wake kwa plastiki, tabaka juu ya tabaka. Daktari wa upasuaji anaushika mkononi na kuona tundu liko wapi na mshipa mkubwa unatokea upande gani, kabla mtoto mgonjwa hajafika kwenye meza ya upasuaji. Kwa mioyo yenye kasoro za kuzaliwa, ambayo ni nadra kufanana, hilo ni jambo kubwa mno. Na mzazi kutoka Rungwe au Makete akionyeshwa mfano huo, ataelewa vizuri zaidi kwa nini mwanawe anapewa rufaa ya Dar es Salaam kuliko akikabidhiwa karatasi ya majibu tu.

Mbeya tuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda, na tuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST) kinachofundisha uhandisi. Wakae na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ya Dar es Salaam, waanze na mifano ya kufundishia na ya kuwaelimisha wazazi. Mifano ya kupangia upasuaji ifuate baadaye, wataalamu wa radiolojia, yaani wa picha za uchunguzi, wakishahakiki vipimo vyake, maana kosa la milimita chache linaweza kumpotosha daktari. Fedha za kuanzia zitengwe katika bajeti ijayo.

Msomaji,
Uyole, Mbeya