Wifi, kule hulipii kutazama, unalipia kukaa

Wifi yangu mpenzi,

Umeniuliza kama akiba mliyochanga itatosha kuzunguka Munich, Innsbruck, milima ya Dolomiti na kumalizia Venice kwa siku kumi hivi, wewe na kaka yangu. Inatosha. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu si wewe peke yako unayeuliza, na majibu mengi yaliyopo ni ya watu wa hoteli za nyota tano au ya vijana wanaolala kwenye mabenchi ya stesheni. Nyie hamko huku wala kule.

Kuna jambo moja la kulishika kabla ya yote: kule mlima ni bure, mtaa ni bure, daraja ni bure, na makanisa mengi ni bure. Pesa hukutoka kwa mambo mawili, kukaa kitini uhudumiwe, na kuchelewa. Na kaka yangu tunamjua kwa kuchelewa.

Tuanze na visa, maana hapo ndipo wengi huchelewa mapema kabisa. Ombi la Schengen, visa moja inayowapitisha Ujerumani, Austria na Italia, linaruhusiwa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na si chini ya siku 15. Msikae kusubiri hizo siku 15, kwa kuwa miadi yenyewe hujaa. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na ukinyimwa hairudi. Bima ya safari iwe ya kuanzia euro 30,000, igharamie matibabu, hospitali na kurudishwa nyumbani. Halafu hili: hamuombi kwa nchi mnakotua, mnaomba kwa nchi mtakakolala usiku mwingi zaidi. Munich usiku mbili, Innsbruck usiku mbili, Italia usiku tano, basi ombi ni la Italia hata kama ndege inashuka Ujerumani. Usiku zikilingana, ndipo nchi ya kuingilia inapoamua. Ndege nayo mkate ya kuingilia Munich na kutokea Venice. Tiketi ya kwenda na kurudi mji uleule huonekana rahisi kwenye skrini, kisha inawalazimisha kuvuka milima ya Alpi mara ya pili kwa gharama zenu.

Tarehe: wiki mbili za kwanza za Septemba. Agosti Waitaliano wenyewe wako likizo na vitanda vya milimani vimejaa, tena mchana radi hupiga sana. Lakini msivuke katikati ya Septemba mkiwa Munich. Oktoberfest, sherehe yao kubwa ya bia, pamoja na jina lake, huanza Septemba, Jumamosi inayofuata baada ya tarehe 15, na kitanda cha hosteli hupanda mara mbili, tatu.

Munich, basi. Jumapili maduka yote makubwa yamefungwa, kasoro machache ya ndani ya stesheni, ambayo ni ghali na foleni yake ni ndefu. Kwa hiyo Jumamosi jioni nunueni mikate, jibini, matunda na maji ya siku nzima. Lakini Jumapili hiyohiyo makumbusho ya Alte Pinakothek na Pinakothek der Moderne huingiwa kwa euro moja tu. Mkipanga Munich iangukie Jumapili, mnapoteza duka na kupata picha za wachoraji Dürer na Rubens. Mimi naona ni biashara nzuri.

Bustani za bia zisiwatishe hata kama hamnywi. Kwa desturi ya Bavaria, jimbo la Munich, iliyoandikwa hata kwenye kanuni ya mwaka 1999, mgeni anaruhusiwa kuja na chakula chake, ilimradi anunue kinywaji pale pale. Angalieni meza: yenye kitambaa ina mhudumu na menyu, isiyo na kitambaa ni ya kujihudumia, na hapo ndipo mnapofungua mikate yenu. Ombeni Apfelschorle, juisi ya tufaha iliyochanganywa na maji ya gesi. Glasi mtalipia amana; ipelekeni wenyewe mrudishiwe. Chupa za plastiki na makopo ya dukani yana amana ya senti 25 kila moja, na Austria nayo imeweka senti 25 tangu Januari 2025. Msitupe. Kuna mashine karibu na mlango wa supamaketi, unaingiza chupa, inakupa risiti, unaikatia kwenye manunuzi. Msiikunje chupa, mashine inasoma alama iliyo ubavuni. Na amana ya Ujerumani mashine ya Austria haiitambui, kwa hiyo rudisheni kabla ya kupanda treni.

Kwa kuwa nguruwe hamli, jueni kwamba Leberkäse, ile nyama ya waridi inayokatwa slesi nene na kuwekwa kwenye mkate, kwa kawaida ina nguruwe, na soseji nyeupe za Munich pia. Döner ya Waturuki mitaa ya kusini mwa stesheni kuu ndiyo mlo wenu, na bei yake ni nafuu kuliko sahani yoyote ya mgahawa wa kukaa.

Treni ya kwenda Innsbruck ina njia mbili za kuokoa, wala msizichanganye. Ya kwanza ni tiketi ya bei ya mapema kwenye treni ya EuroCity, kiasi cha saa moja na dakika arobaini na tano. Ukinunua wiki kadhaa kabla ni nafuu sana, ukinunua asubuhi ya safari utashika kichwa. Tiketi hiyo ni ya treni ile tu. Ikiwapita kwa uzembe wenu imekufa, hakuna kubembeleza. Ya pili ni Bayern-Ticket, ya treni za mkoa peke yake, ambayo mtu wa pili anaongeza kidogo tu. Inawafikisha hadi Kufstein, mji wa kwanza wa Austria, na kutoka hapo mnakata tiketi ya Austria hadi Innsbruck. Siku za kazi inaanza kutumika saa tatu asubuhi, si kabla. Andikeni majina juu yake mara tu mkiipata, na msiingie nayo kwenye treni za haraka, ICE wala EuroCity. Mkaguzi akiwakuta ni euro 60 kwa kila mmoja, na hasikilizi hadithi.

Innsbruck msikae sana mjini. Paa la Dhahabu, vigae 2,657 vya shaba vilivyopakwa dhahabu, mtalitazama dakika tano mkisimama barabarani, na ndani si lazima. Ulizeni mnapofikia kuhusu Welcome Card, ambayo wageni wa usiku mbili na zaidi hupewa bila malipo kwenye nyumba nyingi za kulala. Inabeba mabasi na tramu. Magari ya waya ya kupanda mlima wa Nordkette ni mazuri ila bei yake ni kali. Mimi ningeiweka pesa hiyo kwa Dolomiti. Maji ya bomba hapo yanatoka mlimani na ni matamu, jazeni chupa. Chemchemi ya mtaani ikiandikwa "Kein Trinkwasser", hayo si ya kunywa.

Sasa vukeni mlima kwenye upenyo wa Brenner kwa treni hadi Bolzano, karibu saa mbili. Hapa mmeingia Italia, lakini kila kibao kina lugha mbili na chakula kina tabia mbili. Chagueni nyumba ya kulala inayotoa Südtirol Guest Pass na muulize kabla ya kulipa, maana si zote. Kadi hiyo inabeba mabasi na treni za mkoa mzima, na hata gari la waya la Bolzano kwenda Soprabolzano, mita 1,221, dakika kumi na mbili za kutazama mashamba ya mizabibu yakishuka chini yenu. Nauli ya siku tatu au nne hapo imekwisha. Watu wengi wanakodi gari eneo hili bila sababu.

Bolzano kuna kitu kimoja kinachostahili tiketi: makumbusho ya Ötzi, mtu aliyekutwa kwenye barafu mwaka 1991 akiwa amekufa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Anahifadhiwa kwenye nyuzi 6 chini ya sifuri na unamchungulia kwa dirisha dogo. Wataalamu walipima tumbo lake wakakuta nyama ya mbuzi mwitu mwenye mafuta, nyama ya paa na ngano ya kale. Jamaa alikula vizuri kuliko watalii wengi wa leo.

Ukitoka hapo nenda soko la Piazza delle Erbe, tufaha ni za mkoa huohuo. Tafuteni pia Schüttelbrot, mkate mkavu wa rai, mwembamba na mgumu kama ubao, wenye harufu ya viungo. Haupondeki kwenye begi, wala hauchachi. Chakula cha siku moja mlimani kwa watu wawili: gramu 250 za mkate huo, gramu 200 za jibini gumu, tufaha nne, gramu 150 za karanga au lozi, na maji lita tatu hadi nne. Maji msipunguze. Mwamba wa Dolomiti hunyonya mvua na kuishusha chini, kwa hiyo juu huko mara nyingi hakuna mto wala kijito, na nyumba za mlimani huuza chupa kwa bei ya kubebewa.

Makao yenu yawe Dobbiaco au kijiji jirani, usiku tatu. Kutoka hapo basi namba 444 hupanda hadi nyumba ya wapanda mlima ya Auronzo, mita 2,320, chini kabisa ya vilele vitatu vya Tre Cime di Lavaredo. Majira ya watalii kiti kinakatwa mtandaoni kabla, na Guest Pass haiwalipii. Vilevile basi 442 la ziwa Braies linahitaji kukatwa mapema kilele cha kiangazi. Watu hufika kituoni na kadi yao mkononi wakabaki wanalitazama basi likiondoka.

Chukueni basi la kwanza kabisa. Mzunguko wa Tre Cime ni kama kilomita kumi, saa nne kwa mwendo wa kawaida, na hauna hatari kama mna viatu vya soli yenye meno. Kutoka Auronzo njia ni pana na tambarare hadi nyumba ya Lavaredo, kisha kuna mpando mfupi wa changarawe hadi upenyo wa mita 2,454. Pumzi itawabana kidogo, nyie watu wa usawa wa bahari, lakini ni chini ya kituo cha Mandara cha Kilimanjaro, yenye mita 2,720, kwa hiyo taratibu tu. Ukifika kwenye upenyo ule geuka kushoto: nguzo tatu za mawe zimesimama ubavu wako, ile kubwa mita 2,999. Wengi hupiga picha hapo wakarudi. Endeleeni hadi nyumba ya Locatelli, ndiko zinakoonekana uso kwa uso. Mrudi kwa njia ya nyuma kupitia kibanda cha Langalm, ambayo inashuka sana kisha inapanda tena. Mpando huo wa mwisho ndio unaowavunja watu waliokwisha maji.

Kuleni chakula chenu juu ya mawe, si kwenye meza za Locatelli; meza ni za wanunuzi. Taka mnashuka nazo. Ila siku moja kaeni kitini, mlipie, kwa sababu kuna chakula kinachostahili. Ombeni Spinatknödel: mikate mikavu iliyokatwa vipande vidogo, ikalowekwa maziwa na mayai, ikachanganywa na spinachi, ikafinyangwa madonge ya kujaa kiganja na kuchemshwa kwa moto mdogo. Inaletwa ikimwagiwa siagi ya moto na jibini. Sahani moja hadi usiku. Speckknödel acheni, hiyo ni nguruwe wa moshi. Na Kaiserschmarrn, ile chapati nene ya mayai iliyochanwachanwa na sukari juu, ulizeni kwanza: zabibu zake mara nyingi zimelowekwa kwenye ramu. Bebeni noti, kwani mashine ya kadi huko juu hukosa mtandao.

Kutoka Dobbiaco basi 445 linawapeleka Cortina, na kutoka Cortina kuna mabasi ya moja kwa moja hadi Mestre, upande wa bara wa Venice. Laleni Mestre, si Venice yenyewe. Treni ni dakika kumi hivi kuvuka maji, na nauli haifiki euro mbili. Tiketi ya karatasi igongeni kwenye mashine ya ukutani kabla ya kupanda. Wanaokwenda Venice kati ya Aprili na Julai waangalie ada ya kuingia kwa siku zilizotangazwa, euro 5 kwa anayelipa mapema na euro 10 kwa anayechelewa. Anayelala Mestre hailipi, kwa kuwa ni manispaa ileile, ila lazima ajiandikishe mtandaoni kupata msamaha.

Chombo cha majini ni euro 9.50 kwa dakika 75. Kateni mara moja tu, namba 1, kutoka Piazzale Roma hadi uwanja wa San Marco, mkisimama mbele au nyuma ya chombo, kisha rudini kwa miguu. Kuvuka Mfereji Mkuu kwa gondola ya wenyeji, traghetto, ni euro 2. Kahawa nyweni mkisimama kaunta, maana kahawa ileile mezani ni bei nyingine, na San Marco wanaongeza hata ya muziki. Msile mmekaa kwenye ngazi za uwanja ule, faini ipo. Mgahawani, mstari wa "coperto" kwenye bili si wizi, ni malipo ya kiti kwa kila mtu. Usomeni mlangoni kabla ya kuingia. Jiko hufungwa kama saa nane na nusu mchana hadi saa moja jioni, na mliochelewa mtaangukia zile za watalii zenye picha za chakula ukutani. Badala yake tafuteni cicchetti, vipande vya mkate vyenye samaki bakala aliyepondwa na mafuta, karibu na daraja la Rialto. Vinne vinatosha mtu mmoja, mkila mmeegemea pipa.

Nitumie tarehe kabla hamjalipia ndege. Na mwambie kaka basi la 444 haliendeshwi na mjomba wetu.