Kuvaa kike si mchezo

Mhariri, hawa wanaume wanaopenda kuvaa kike watu wanawacheka tu bila kujua shughuli yake. Chukua ndevu peke yake, unanyoa mpaka ngozi inawaka lakini ule weusi wa chini unabaki, ukipaka fondesheni juu yake uso unakuwa kama majivu, ndo maana wanatanguliza rangi ya chungwa au lipstiki nyekundu kidogo, alafu fondesheni, alafu poda ya kushikilia, na wigi bado halijaguswa! Hapo hujaweka sponji za nyonga wala kuhangaika na viatu vya kisigino saizi 44. Mke wangu dakika kumi keshatoka, tena na wanja juu, mimi nisingeweza.