Msiuze pikipiki za wazee kwa kilo

Ndugu mhariri,

Mbukwenyi, na salamu kwa wasomaji wote. Wiki iliyopita kwenye ukurasa huu kuna msomaji aliandika kwamba mapikipiki ya zamani yanayozeekea kwenye mastoo ya watu hapa Dodoma yauzwe tu chuma chakavu maana yanajaza nafasi na spea zake hazipo tena. Kujaza nafasi sibishi, ila hilo la spea hapana, hapo katudanganya, na hii barua naandika kucha zangu zikiwa na grisi.

Marehemu mzee wangu alikuwa bwana mifugo kule Mpwapwa, akatuachia Honda CG125 ya zamani, ile ya platini (vile vidude viwili vinavyogusana na kuachana ili plagi itoe cheche) na umeme wa volti 6. Imekaa stoo miaka 14 chini ya magunia ya mtama. Mwezi wa nne jamaa wa mkokoteni kapita mtaani kwetu Nkuhungu, kaichungulia, kasema 800 kwa kilo, mama akamwambia lete mzani. Pikipiki nzima ni kama kilo 100 hivi, piga hesabu mwenyewe, 80,000. Mi natokea dukani na vocha mkononi nakuta jamaa keshaifunga kamba. Ikabidi nimpe 5,000 ya usumbufu ndo akaondoka, na mama akaninunia siku mbili.

Sasa ngoja niwaambie kitu. Hii Honda ilitoka mwaka 1976, na kabla ya kuitengeneza wahandisi wake walizunguka nchi za wenzetu wa hali kama yetu wakaona watu wanavoendesha, yaani oili haibadilishwi mpaka iwe lami, chujio la hewa likiziba linatupwa, watu watatu na mzigo juu. Wakaona kamshafti, ule mhimili unaofungua vali, ikikaa juu kwenye hedi, yaani kichwa cha injini, inakufa mapema oili ikiwa mbovu, wakarudi kwenye mtindo wa kizamani wa vifito viwili vinavosukuma vali kutokea chini, na cheni wakaifungia kwenye kasha isile vumbi. Baadae Wachina wakainakili injini hiyo hiyo, ndo imejaa kwenye bodaboda mnazopanda kila siku kwenda Sabasaba. Siku ukipanda inama uangalie injini, nyingi za 125 zimegongwa 156FMI, hiyo 1 ni silinda moja na 56 ni upana wa silinda kwa milimita. Ya mzee ni 56.5, ile nusu hawaigongi, upana ni ule ule. Umeona eh? (Boxer msiniletee hapa, ile ni ya Kihindi, ina mambo yake.)

Kwa hiyo nilichofanya, nilibeba silinda kwenye rambo mpaka maduka ya spea, nikaomba pistoni na ringi za bodaboda ya Kichina, muuzaji akacheka kwanza, afu tukapima pale pale kaunta, pini imeingia, gasketi ya hedi tundu zote zimekaa. Pistoni nilichukua ya ovasaizi 0.50, yaani pana zaidi kwa nusu milimita, kwa sababu silinda ilikuwa imeshakwaruzwa. Na hapa niwaonye wenzangu, nunua pistoni KWANZA ndo uende kwa fundi wa lezi, aipime hiyo hiyo achonge silinda kuifuata, usikubali akuchongee kwa kukisia eti pistoni zote sawa. Kuna mmoja alitaka kunichongea hivo, nikabeba silinda yangu nikaondoka, nikapata mwingine kule Kizota aliyenikalisha saa nzima ananionesha kwenye maikromita, safi sana yule mzee.

Lakini nimeruka. Kabla sijaitoa hiyo silinda, pistoni ilikuwa imeganda haisogei hata kidogo. Nilitoa plagi nikamimina dizeli na brekifluidi kwenye tundu, nikaiacha siku sita, kila jioni nikitoka kazini naweka gia ya juu nalishika tairi la nyuma nasukuma mbele, narudisha nyuma, taratibu, usipande kwenye kiki ukairukia utavunja kitu. Siku ya saba ikatoa mlio mdogo "ki", tairi likasogea kama upana wa kidole, dah, nilipiga kelele watoto wa jirani wakaja mbio wakidhani nyoka.

Tenki nalo ndani lilikuwa kutu tupu. Nilichemsha ukwaju nikamimina na changarawe ndogo, nikawa natikisa kila nikipita, siku tatu, kinachotoka kama chai ya rangi. Afu suuza na maji ya magadi kuua ule ukali, kausha juani, na jua letu mnalijua, halafu hapo hapo pitisha petroli na oili kidogo la sivyo kesho yake kutu imerudi. Ukwaju ulikuwa wa mama wa juisi, hiyo ni kesi nyingine.

Watu wa Dar mtanisamehe ila hapa tunawashinda, hewa kavu, chuma hakiliwi na chumvi, flemu ya mzee niliipiga msasa nikakuta chini bado inang'aa. Kinachokufa Dodoma ni mpira. Tairi zilipasuka kama ardhi ya Bahi wakati wa kiangazi, oilisili, zile ringi za mpira za kuzuia oili isivuje, zote zimekauka, na panya wamekula siti na nusu ya waya.

Kilichonitesa kuliko vyote ni umeme maana magneti ya bodaboda hapa haisaidii, wao ni CDI, cheche ya kielektroniki isiyo na platini, na volti 12. Nilisafisha platini kwa msasa laini, nikaweka nafasi ya milimita 0.35 kwa filagaji, vile vibati vyembamba vya kupimia, napiga kiki, cheche njano, legelege. Fundi mmoja wa mtaani akaniambia achana nayo toa hiyo injini nikuwekee mpya ya Kichina laki sita. Nikamuuliza na kadi je? Maana namba ya injini iko kwenye kadi, trafiki akiinama akakuta haifanani nitamwambia nini? Akanyamaza. Kumbe tatizo kondensa, kijikopo kidogo hivi, kikifa platini zinaungua na cheche inakosa nguvu. Nikapata cha gari la zamani, nikakifunga nje kwa klipu, cheche ikaja ya bluu inalia kabisa.

Ikawaka Jumapili asubuhi kiki ya tisa, moshi mweupe ukafunika uwanja mzima, nikaiacha inguruma mpaka oili ya kwenye ekzosi ikaisha. Mama katoka jikoni na mwiko, kasimama mlangoni, kasema "haya, ndo imeanza tena," maana mzee alikuwa akishaipiga kiki hiyo ndo mpaka usiku, atakwambia ng'ombe wa Kongwa wanaumwa kumbe yuko kilabuni.

Mpaka sasa imenila kama 340,000 bila tairi. Sio ndogo, lakini niambieni ni pikipiki gani utapata kwa hela hiyo.

Kilichobaki ni kioo chekundu cha taa ya nyuma na zile nembo mbili za pembeni ya tenki. Kioo cha bodaboda nimejaribu, tundu za skrubu hazilingani. Kama kuna msomaji kati ya hapa na Manyoni ana CG iliyokufa kabisa, namaanisha kabisa, naomba aache ujumbe ofisini kwenu kabla hajamwita mtu wa mzani, bei yake tutaelewana.

Ni mimi, mtoto wa bwana mifugo,
Nkuhungu, Dodoma