Mafua ya ndege: kuku wapimwe sokoni kabla hawajaanza kufa

Mhariri, habari za kazi. Mimi ni mfanyabiashara wa kuku hapa Dar es Salaam, nauza kuku wa kienyeji na bata kidogo, naomba nafasi niongelee hili la mafua ya ndege maana kila likivuma kwenye taarifa ya habari watu wanapaniki wiki moja, kuku hawauziki, halafu linapoa hivyohivyo mpaka livume tena. Ninachoomba ni kuku wapimwe sokoni mara kwa mara, hata kama hakuna anayekufa.

Watu wanadhani ugonjwa ukiingia sokoni tutauona tu. Hatutauona. Kuku wanashuka usiku kutoka Singida, Dodoma, Tabora, kila mmoja katoka kijiji chake, wanakuja kukutana hapa, matenga yanapangwa moja juu ya jingine, kinyesi cha wa juu kinawadondokea wa chini, na pembeni hapo kuna bata, kanga na njiwa. Sasa kuku akianza kuzubaa, mbawa zimeshuka, hakuna mtu anasubiri afe mikononi mwake, anapelekwa fasta kwa vijana wa kuchinja, ananyonyolewa, anauzwa. Na wakifa wengi tunasema ni mdondo, kwa sababu mdondo tumeuzoea na ukiangalia kwa macho hayo magonjwa yanafanana sana, bila maabara huwezi kuyatofautisha. Kwahiyo afisa mifugo anayesubiri kuletewa taarifa ya vifo ndo aje, atasubiri sana, soko ninalouzia mimi tunawaona zaidi wakati wa ushuru na vibali.

Halafu kuna virusi vya mafua ya ndege ambavyo kuku haviwaumizi kabisa. China mwaka 2013 walipata aina inayoitwa H7N9, kuku wanaonekana wazima, wanakula vizuri, lakini watu waliokuwa wanaenda sokoni ndo wakawa wanalazwa, na kwa miaka michache iliyofuata waliugua watu zaidi ya 1,500 na zaidi ya 600 wakafariki. Shanghai walipofunga masoko ya kuku hai wagonjwa wapya walipungua haraka sana. Na hatuwezi kusema hayo ni mambo ya mbali, Januari 2017 ndege wa porini walikutwa wamekufa upande wa Entebbe, pale pale Ziwa Victoria ambalo na sisi tunalo, ikaonekana ni H5N8, aina nyingine ya mafua hayohayo ya ndege, na kuku wa kufugwa Uganda nao wakapata.

Kupima kwenyewe sio kazi ya kutisha. Wanapitisha pamba kooni na kule nyuma kwa kuku, ila hata bila kumshika kuku wa mtu wanaweza kufuta meza ya kuchinjia, mashine ya kunyonyolea, matenga matupu na yale maji ya kuoshea, maana uchafu wa kuku wa soko zima unapita hapo, wanaweka kwenye barafu wanapeleka TVLA, maabara ya serikali ya magonjwa ya mifugo, pale Temeke. Ni hapahapa mjini! Na wale vijana wa kunyonyoa wasisahaulike jamani, wanashika matumbo mikono mitupu kutwa nzima, kijana akipata homa na kikohozi au macho mekundu anaenda zahanati anapimwa malaria anarudi kazini, hakuna anayemuuliza anafanya kazi gani.

Sasa niseme ukweli kwa nini wenzangu wengi wakiona makoti meupe wanahamisha matenga. Mtaji wote wa mtu uko kwenye lile tenga, mwingine ni mkopo wa vikoba, akiambiwa kuku wako wanachomwa moto na hakuna hata shilingi, wewe ungekubali? Nigeria ugonjwa ulipoingia 2006 serikali iliwalipa fidia wafugaji, na bado wengi walilalamika ni ndogo. Hapa kwetu mfanyabiashara wa sokoni aambiwe mapema kuku mmoja atalipwa shilingi ngapi na kwa muda gani, sio tuanze kuulizana siku wanachinjwa.

Hong Kong walipata mafua ya ndege aina ya H5N1 mwaka 1997, watu 18 wakaugua, 6 wakafariki, wakaua kuku zaidi ya milioni 1. Baadaye kuanzia 2001 wakaweka siku ya mapumziko kila mwezi, soko lote linakuwa tupu, linaoshwa, ndo mzigo mpya unaingia, kwa sababu soko ambalo halikauki kuku virusi navyo haviondoki. Hilo sisi tunaliweza, tukubaliane siku tu, tena mwanzoni mwa wiki biashara inakuwa chini.

Na wakija kupima waje alfajiri mzigo unaposhuka, sio saa sita mchana wale waliozubaa wameshachinjwa, na majibu yarudi kwetu, yabandikwe pale kwenye ofisi ya soko tuyasome wenyewe.

Mfanyabiashara wa kuku,
Dar es Salaam